Siku sita na polo moja la chokaa

Siku ya kwanza, Jumatano usiku kuamkia Alhamisi

Nimepanda meli ya usiku ya kwenda Pemba hapo bandarini Malindi, Unguja, na mkoba mmoja tu, boksi la vyombo vyangu vya kazi nimeliacha nyumbani. Mie ni fundi sola, nafunga paneli kwenye mahoteli ya Paje na Jambiani na nyumba za watu mojamoja, lakini safari hii sikwendi kufunga kitu. Ami kanipigia simu wiki ilopita sauti imemkauka, kaniambia sheha kashamwita mara mbili, tanuri lake la chokaa limelalamikiwa na wazee wa skuli kuwa moshi unaingia madarasani na wanataka lizimwe kabla ya masika. "Wewe si ndo fundi wa mambo ya nishati, njoo unisemee." Hayo ndo maneno yake.

Sijui nitamsemea vipi maana mie mwenyewe nina pande mbili. Chokaa ile ndo ilonivisha sare, ndo ilolipa kozi yangu ya umeme. Na huyo huyo Ami ana mjukuu wa miaka sita, mtoto wa binti yake, anakohoa usiku mpaka anakaa kitako, na kila mtu pale nyumbani anajua kwa nini ila halisemwi kwa sauti.

Kuna semina moja niliwahi kukaa mjini, wakatufundisha neno "mpito wa haki", yaani kuacha kazi chafu bila ya kuwatupa wanaoishi kwayo. Nikaenda kulisoma zaidi kwenye simu, nikakuta limeanzia kwa wafanyakazi wenyewe, Marekani kulikuwa na kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mafuta na kemikali, Tony Mazzocchi, yeye alikuwa anasema serikali ina mfuko wa kusafisha ardhi ilotiwa sumu na viwanda (sheria yake ya mwaka 1980), basi na mfanyakazi anaepoteza kazi kwa sababu kiwanda kichafu kinafungwa nae awekewe mfuko wake. Mwaka 2015 neno hilo likaingia mpaka kwenye Mkataba wa Paris. Nililala nalo kichwani, maana kwenye tanuri la Ami hakuna chama, hakuna mfuko, kuna Ami na watu kama kumi na moja.

Kufika mkondo wa Nungwi meli ikaanza kuyumba, watu wakanyamaza. Kila tukipita hapa usiku naikumbuka meli ya Spice Islander ilozama Septemba 2011, na nyumba zetu za Pemba zilivokuwa matanga mtaa mzima. Nimewasomea Fatiha.

Asubuhi Mkoani, chai ya maziwa na mkate wa kumimina, kisha gari.

Siku ya pili, bado Alhamisi lakini naihesabu mbali kwa sababu ndo ya tanuri

Nimewafika wanapanga. Kwa asokuwa na habari, tanuri la kwetu si jengo, ni biwi. Unatandika magogo ya minazi kwa duara, yale ya minazi iliozeeka isozaa tena, unaweka kuni za muembe na chochote kigumu ulichopata, tabaka juu ya tabaka, katikati unaacha tundu la kutilia moto, halafu juu yake unapanga mawe yalovunjwa vipande vya kulingana na ngumi. Zamani watu wakichukua matumbawe pwani maji yakipwa, yale yanaiva upesi, lakini hayo hayaruhusiwi na Ami kashaacha zamani, yeye anachimba jiwe la nchi kavu. Likishawashwa linawaka usiku na mchana, moshi wa mwanzo mweusi mzito wa magogo mabichi, baadae mweupe, na mawe yakishaiva yanaporomoka ndani. Hapo unangoja lipoe, unanyunyizia maji, mawe yanapasuka yanakuwa unga, wanawake wanachekecha.

Hiyo kazi ya kuchekecha watu hawaisemi. Vumbi la chokaa likikutana na jasho linaunguza, likiingia jichoni hulali. Shangazi yangu alikuwa mchekechaji miaka ishirini na zaidi, mikono yake ilikuwa na nyufa kama ukuta. Alikuwa anajipaka mafuta ya nazi na kujifunga kanga puani, basi, ndo kinga yake yote.

Jioni tumekaa na Ami barazani akaniuliza swali aloniitia mimi Pemba: "Hilo jua lako haliwezi kuchoma mawe?" Nikamwambia ukweli. Paneli zangu zinawasha taa, friji, pampu ya maji, zile za maji moto zinafika joto la kuogea. Jiwe ili liwe chokaa linataka kama digrii 900. Hakuna paneli ya hapa kijijini itakayofika huko. Na hata tukipata moto usokuwa na moshi hata chembe, jiwe lenyewe lina hewa ya ukaa ndani yake, likiungua inatoka. Kilo mia za jiwe safi zikiiva sawasawa unabaki na kilo 56 za chokaa, zile 44 zote zimekwenda hewani.

Nilidhani atabisha. Akacheka (yeye hacheki hovyo), akanambia "mwanangu hilo mie nalijua kwa mkono". Kumbe ndo anavojua jiwe limeiva, analinyanyua, likiwa jepesi limeiva, likiwa zito bado lina moyo. Miaka arubaini anapima hewa ya ukaa kwa kiganja na hakuna alomwambia jina lake. Halafu akaendelea, ndo maana chokaa ukiiacha wazi inakufa, inakunywa hewa inarudi kuwa jiwe, na ndo maana ukuta unakaa. Na ni kweli, chokaa inapogandia ukutani inavuta tena ile hewa ilotoka, polepole kwa miaka. Haifuti moshi wa kuni, lakini sehemu ya ile ya kwenye jiwe inarudi. Nilikaa kimya muda mrefu baada ya maneno yale. Semina zote nilizokaa, hakuna hata moja iloanza kwa kumuuliza mchoma chokaa anajua nini.

Siku ya tatu, Ijumaa

Nimekwenda Chake kwa gari ya abiria namba 603, nimeswali Ijumaa pale, halafu nikateremka Wesha. Nilikuwa na sababu. Pemba sisi tushawahi kuhama kutoka kwenye moshi mara moja, na nilitaka kuona ilikuwaje.

Wasiojua, Pemba kabla ya mwaka 2010 umeme wetu ulikuwa wa majenereta ya dizeli hapo Wesha. Mafuta yanaletwa kwa bahari, yakichelewa giza. Mwaka 2010 ukaletwa waya chini ya bahari kutoka Tanga, zaidi ya kilomita 70, Norway ndo waliosaidia fedha, uwezo wake megawati 20. Majenereta yakanyamaza. Nimemkuta mzee mmoja anasuka wavu karibu na njia, nikamuamkia tukakaa, nikamuuliza anakumbuka nini. Kasema siku za mwanzo alikuwa hapati usingizi kwa sababu ya ukimya. Mkewe alikuwa anaanika nguo nyeupe zikaanza kubaki nyeupe. Halafu akanyamaza akaonesha kibanda cha udongo kilobaki nguzo mbili, akasema pale alikuwa mama mmoja akiuza chapati na chai, wateja wake wengi ni watu wa zamu za usiku na wale wa kushusha mafuta, mwaka haukwisha kafunga kahamia kwa watoto wake Wete. "Hana wa kumlaumu, umeme umekuja, kheri. Ila hakuna alomkumbuka."

Maneno hayo mawili ya mwisho nimeyaandika kwenye daftari.

Na jambo jengine linaloniuma kila nikifikiria ule waya. Moshi wa Wesha haukupotea, ulihama. Umeme wa bara kwa miaka ile ulitegemea sana gesi, Songosongo halafu Mtwara, na watu wa Mtwara mwaka 2013 walisimama wakasema "gesi haitoki", kulikuwa na vurugu na watu walipoteza maisha. Sisi Pemba taa zinawaka, hatukuwaza kuwa kuna mtu upande wa pili wa bomba anauliza yeye kapata nini. Sasa bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limeshaanza kutoa umeme tokea 2024, megawati 2,115 likiwa kamili, moshi umepungua zaidi, mie nafurahi kwa dhati, lakini nimejifunza kuuliza: huko unakotoka huu usafi kuna nani?

Unguja nako somo tulilipata kwa shida. Disemba 2009 waya wetu wa zamani wa umeme kutoka bara uliharibika, tukakaa giza miezi mitatu mpaka Machi 2010. Nilikuwa kijana nakaa kwa shangazi Kwahani. Pampu hazifanyi kazi, tunabeba maji ndoo kwa ndoo, mtoto na mama kisimani toka alfajiri. Wenye uwezo wakanunua vijenereta, Darajani nzima inanguruma, moshi wa petroli mpaka kwenye mikate. Mwenye pesa alikuwa anakaa na taa ndani na mashine yake inamtolea moshi jirani yake asokuwa na taa. Mie usola wangu ulianzia hapo, si kwenye kitabu.

Siku ya nne, Jumamosi, mkutano

Umefanyika skuli yenyewe, madawati yametolewa nje chini ya muembe. Kaja sheha, kaja Maalim mkuu, wazee wa watoto, Ami na watu wake, na wachekechaji wanne wamekaa nyuma na kanga zao bado zina chokaa maana walikuwa kazini asubuhi.

Maalim kaanza kwa adabu kubwa, kamwita Ami "mzee wetu", kasema hana ugomvi na riziki ya mtu, ila kaskazi ikivuma tanuri likawa limewashwa madarasa mawili ya upande ule hayasomi, watoto wanatokwa machozi, wengine anawarudisha nyumbani. Alikuwa na daftari la mahudhurio, kasoma siku hata siku. Mie nilijua ni kweli hata kabla hajamaliza.

Ami kajibu kuwa tanuri lilikuwepo kabla ya skuli, na mawe ya msingi wa skuli hii yamejengwa kwa chokaa yake, na nusu hakuidai. Nalo kweli pia.

Akasimama kijana mmoja akasema jambo jepesi, si wazime tu, kina mama wakalime mwani kama walivofundishwa. Hapo ndo mchekechaji mmoja, mama wa makamo, akanyanyuka, hakungoja kupewa ruhusa. Kasema mwani yeye kashalima. Walikuja watu na gari zuri wakawapa kamba na vigingi na cheti, wakaondoka. Bahari imekuwa ya moto, ule mwani mnene unaolipa unalainika unakatika wenyewe kwenye kamba, unabaki ule mwembamba ambao bei yake haifiki hata sabuni. Kisha kauliza: "Nnachekecha leo, nalipwa leo. Nyie mnaotaka nisichekeche kesho, kesho mmenipangia nini?"

Kimya. Kuku tu wanasikika.

Sheha akanitazama mie. Nikasimama, na sikusema habari za paneli. Nimewaeleza habari ya Komati, Afrika Kusini, jimbo la Mpumalanga ambako makaa ya mawe yamechafua hewa na maji kwa miaka mingi, kituo cha umeme cha makaa kilichofanya kazi tokea 1961 kikazimwa Oktoba 2022, fedha za Benki ya Dunia zikatajwa karibu dola milioni 500 za kukigeuza kiwe cha jua na upepo na kufundisha watu. Na juu ya fedha zote hizo watu wa pale wamelalamika kuwa kazi ziliondoka kabla mpya hazijafika, maduka yakakosa wateja. Nikawaambia wenzetu wenye mamilioni wamekosea mpangilio, walizima kwanza kabla kazi mpya hazijawa tayari. Sisi hatuna hata milioni moja lakini mpangilio tunao mikononi mwetu, leo, chini ya muembe huu.

Basi mabishano yakaanza ya maana. Yalichukua mpaka adhuhuri na baada ya swala tukarudi. Sitaandika yote. Wamekubaliana tanuri lisiwashwe siku za skuli wakati wa kaskazi, liwashwe likizo na mwisho wa wiki tu, magogo yakaushwe kwanza kwa sababu moshi mbaya unatokana na ubichi, na biwi lijalo lipangwe kule bondeni karibu na machimbo, mbali na madarasa. Wazee wa watoto watasaidia kubeba mawe siku moja ya kuhamia, hiyo ni zamu yao katika gharama. Mie nimepewa kazi ya kuulizia tanuri la kujengwa, lile refu la matofali lenye bomba, ambalo moto unapanda ndani ya mawe badala ya kutoka pembeni ukapotea, kwa hiyo kuni zinapungua. Na yule mama mchekechaji kaingizwa kwenye kamati. Aliweka sharti moja, barakoa na glavu za wachekechaji ziandikwe kwenye hesabu kabla ya tofali la kwanza. Ikaandikwa.

Lililobaki ni pesa. Chokaa ya Ami sasa hivi inanunuliwa kupakia kuta na kwenye vyoo, bei ya kutupa. Kwa bei hiyo hakuna tanuri jipya litakalojengwa. Hapo ndo nikamkumbuka mtu Mji Mkongwe.

Siku ya tano, Jumapili

Mvua toka alfajiri. Mjukuu wa Ami kalala na mie kwenye mkeka, hakukohoa sana kwa sababu tanuri halijawashwa siku tatu. Nimejaza polo moja, yaani gunia, la chokaa iliokwisha kuzimwa maji (ile isozimwa huwezi kuipakia melini, ikirowa inachemka), nimelifunga nailoni mbili. Mchana pweza wa nazi. Jioni nimeaga.

Siku ya sita, Jumatatu, Unguja

Kutoka bandarini mpaka kwa fundi wangu si mbali, ila polo begani kwenye vichochoro ni safari nyengine. Huyu fundi anatengeneza nyumba za zamani za Mji Mkongwe, kazi yake yote ni chokaa. Watu wanaona mji umeingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000 wanapiga picha milango, hawajui kuta zile ni mawe ya matumbawe na udongo na chokaa, zinavuta unyevu na kuutoa, zinapumua. Ukizipiga plasta ya saruji unyevu unafungika ndani, chumvi inakula jiwe, baada ya miaka michache plasta inabambuka na ukuta umeshaoza. Nae anaamini hivo kwa moyo wote, siku ile Beit al Ajaib, jumba la zamani la sultani, ilipoporomoka upande, Disemba 2020, alikaa nje akalia. Na saruji nayo si kwamba ni safi, inachomwa kwa joto kubwa kuliko chokaa, kama digrii 1,450, na jiwe lake linatoa hewa ile ile.

Kwa hiyo fikra yangu ni hii na nimeibeba toka Jumamosi: haifai chokaa ya Ami ife, inafaa ichomwe kidogo, kwa usafi, na iuzwe kwa anaeijua thamani yake. Mapolo machache yenye bei badala ya mengi ya kutupa. Kuni kidogo, moshi mdogo, na mchekechaji analipwa zaidi.

Fundi kafungua nailoni, kasugua chokaa baina ya vidole, kaonja kwa ncha ya ulimi katema, katia konzi moja kwenye ndoo ya maji akakoroga akangoja. Chini vikabaki vijiwe. "Hivi havijaiva, moto wa biwi haufiki sawa. Ila jiwe zuri. Jiwe zuri sana." Kasema anaitaka, kwa bei ambayo Ami hajawahi kuisikia, kwa masharti mawili: ichekechwe mara mbili, na ilazwe shimoni na maji miezi mitatu kabla ya kuletwa, ndo inakuwa laini ya kutosha.

Nikampigia Ami pale pale, nimeweka spika. Nikamwambia bei. Kanyamaza. Nikamwambia masharti. La kuchekecha kasema linawezekana, wachekechaji walipwe mara mbili. Halafu akauliza: "Na hiyo miezi mitatu chokaa imelala shimoni, sie tunakula nini?"

Ndo swali la yule mama chini ya muembe, na la yule muuza chapati wa Wesha kama angeulizwa. Nikamgeukia fundi, nikamwambia umesikia mwenyewe. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kufuta muda mrefu, kisha akasema kwa mapolo kumi ya mwanzo atatoa arubuni nusu siku chokaa inapoingia shimoni, na nusu siku inapofika bandarini. Zaidi ya kumi hawezi, nae anamngoja mwenye nyumba amlipe.

Ami kasema watamgawia kwanza yule mama wa kamati na wenzake watatu, wengine wataendelea na machimbo. Nikaandika daftarini: mapolo kumi, nusu mbele, mashimo mawili yachimbwe wiki hii kabla ya mvua kukaza. Fundi akaniazima koleo yake ya kupimia kina.